Viatu Viwili vya Kushoto

Kwenye ukuta wa karakana ya ndugu yangu, juu ya rafu ya soli, palikuwa na msumari, na kwenye msumari huo kilining'inia kiatu kimoja cha mtoto, cha mguu wa kushoto. Mteja mwenye haraka alidhani ni kiatu kilichosahauliwa na mtu. Mwenye nafasi aliuliza, na ndugu yangu alimjibu, "Hicho hakiuzwi. Hicho ni neno la baba," kisha akaendelea kugonga misumari.

Mtaa mzima ulimwita Nta, kwa sababu vidole vyake vilinuka nta ya kupaka uzi wa kushonea, hata siku ya harusi yake. Binti yake wa pekee, aliyekuwa habanduki miguuni pake tangu alipoanza kutambaa, wakampa jina la Uzi, maana uzi haukai mbali na nta. Uzi alikua, akamaliza shule, akarudi palepale kwenye ngozi na gundi. Nta alipougua ndiye aliyeshika msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, na Nta alipofariki hakuuweka chini.

Sasa nieleze jambo la chumba, kwa sababu ndilo lililotukusanya. Karakana ile ilijengwa na baba yake Nta. Kanuni ya ukoo wetu ni moja na haijaandikwa popote: chumba hakitoki nje ya ukoo, binti hahesabiwi kwa kuwa ataolewa kwingine, na mwenye nacho akifa, ndugu wa karibu zaidi ndiye mwenye kauli ya kwanza. Ndugu wa karibu wa Nta alikuwa kaka yake, mfanyabiashara wa mbao, ambaye ghala lake lilikuwa limepakana na karakana, ukuta kwa ukuta. Tulimwita Kaka Mkubwa kwa umri, na Bwana Mbao akiwa hayupo. Mimi ni mtoto wa baba yao mdogo, kwa hiyo nilikuwa wa pili kwenye foleni hiyo, na wa pili hana kauli mpaka wa kwanza amalize kusema.

Mwezi wa pili baada ya mazishi, Kaka Mkubwa alituma ujumbe kwamba Jumamosi mchana angekuja kupima chumba. Mjane wa Nta akanijia nyumbani, hakukaa hata kitini.

"Shemeji, anataka kuvunja ukuta atie mbao zake. Mwanangu atashonea wapi? Wewe umesoma. Njoo uzungumze naye."

Ni kweli nimesoma. Nilikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji, na baada ya kazi nilihudhuria shule ya jioni nikiwa tayari ni baba wa watoto. Watu huniita Kamusi, wakidhani wananitania. Katika masomo yote nimeyapenda zaidi Maandiko ya Waisraeli wa kale, na humo wengi hupenda miujiza, lakini mimi hupenda sheria. Sheria zile zilimjali mtu aliyeishiwa nguvu. Shamba la maskini likipotea, ndugu yake wa karibu ndiye aliyepaswa kulikomboa. Katika lugha yao mkombozi hakuwa shujaa aliyetoka mbali akiwa na upanga. Alikuwa jamaa yako, yule ambaye huwezi kumkwepa. Usiku wa Ijumaa niliyapitia yote hayo tena, nikayapanga kichwani kama herufi kwenye fremu.

Jumamosi Kaka Mkubwa alikuja na futi ya chuma mkononi na penseli nyuma ya sikio.

"Hodi humu! Mpo?"

"Karibu, shemeji," mjane alijibu. "Tupo kama ulivyotuacha."

"Basi mmepungua. Niliwaacha watu wanaocheka."

"Aliyekuwa akituchekesha tumemzika."

Kaka Mkubwa aligeukia ukuta wa ghala. Akavuta futi. "Kamusi, shika ncha hiyo."

Nilikuwa nimekuja kuupinga mpango wake, na kabla sijafungua kinywa nilikuwa nimeinama kwenye kona nimeshika ncha ya futi! Alipima ukuta wa ghala, akachora msalaba kwa penseli juu, akachora mwingine chini.

"Kipande hiki chote kinatoka," alisema. "Mbao ndefu zitaingilia barabarani, moja kwa moja, bila kupinda kona."

"Na mwanangu atatokea wapi? Dirishani?" mjane aliuliza.

"Uzi ni mwanangu pia. Simfukuzi. Nitampa nafasi dukani kwangu, akae kivulini, apokee wateja."

"Nina kazi, Baba Mkubwa," Uzi alisema bila kuinua kichwa. Alikuwa amekaa kwenye kigoda cha baba yake, akipitisha uzi kwenye ubavu wa buti.

"Kazi ya kunusa miguu ya watu?"

"Ndiyo iliyokulisha mpaka ukaota ndevu."

"Uzi!" mama yake alimkemea, lakini kwa sauti ndogo.

Kaka Mkubwa alicheka mpaka penseli ikaanguka. "Huyu ni Nta mtupu. Nta aliyevaa gauni."

Hapo niliiachia futi. Ilirudi kwa kasi, ikamchapa kidole. Nikamwambia pole, ingawa si pole nyingi, nikasimama wima.

"Kaka, una kauli ya kwanza. Hilo halina ubishi."

"Ah! Leo Kamusi imefunguka kwenye ukurasa mzuri."

"Lakini kauli hiyo ni kongwe kuliko ukoo wetu. Wale Waisraeli wa kale—"

"Basi imejifunga tena. Mtu huyu ukimpa salamu anakupa somo."

"Msikilize," mjane alisema. "Umepima chumba chote, utashindwa kupima maneno?"

Kaka Mkubwa akaegemea rafu, akakunja mikono. Nikamweleza kwamba palikuwa na mtu mmoja katika Maandiko, ndugu wa karibu wa marehemu fulani, aliyeketishwa langoni mwa mji mbele ya wazee. Akaulizwa kama atalikomboa shamba la marehemu. Akajibu upesi kwamba atalikomboa. Ndipo akaambiwa sehemu ya pili: ukilichukua shamba unamchukua na mjane, na jina la marehemu litabaki kwenye urithi wake. Kusikia hivyo, mtu yule akarudi nyuma.

"Subiri," Kaka Mkubwa alinikata. "Unataka nimwoe shemeji?"

"Uniulize kwanza kama nakutaka," mjane alisema, na Uzi akaangua kicheko juu ya buti lake.

"Sizungumzii ndoa," nilisema, na nadhani nilipaza sauti kidogo. "Nazungumzia jina. Kwa watu wale huwezi kuchukua shamba ukaliacha jina la mwenyewe lifutike. Mkombozi huchukua faida na mzigo pamoja. Ukitaka chumba cha Nta, mchukue na Nta."

Kaka Mkubwa akauliza, "Huyo aliyerudi nyuma, aliachaje? Aliandika?"

"Hakuandika. Alivua kiatu akampa jamaa aliyemfuata kwenye foleni, mbele ya watu. Ndiyo ilikuwa sahihi yao."

"Kiatu tu?"

"Kiatu tu."

"Rahisi hivyo, na unanichosha kutwa nzima?" Akainama akihema, akavua kiatu chake cha kushoto, akakibwaga juu ya meza ya kazi. "Haya! Mashahidi ninyi. Jina la Nta silitaki. Lichukueni."

"Basi umeachia chumba."

"Nani kaachia chumba? Nimeachia jina!"

"Havitenganishwi, kaka. Ndiyo maana ya—"

"Nimevua kimoja tu. Cha kulia, cha chumba, bado ninacho!"

Tulikuwa tumefikia kupigiana kelele, wazee wawili, mmoja na soksi yenye tundu kwenye kidole gumba. Watu wawili walisimama dirishani kututazama. Na mimi, niliyeyapanga maneno yangu kwa uangalifu, niliona kwamba yamekwisha na ukuta bado una misalaba.

Uzi alikuwa ameweka buti chini. Alikiokota kile kiatu cha baba yake mkubwa, akakigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye kisigino, akakunja soli.

"Baba Mkubwa, hiki umekitembeza mpaka kinaomba msamaha."

"Nirudishie."

"Kisigino kimelika upande wa nje, na mshono umeachia hapa. Baba alikuwa akisema unatembea kama mtu anayeikimbia mvua."

Mkono aliounyoosha ukabaki hewani. "Alisema lini?"

"Kila ukipita pale dirishani. Ulikuwa ukipita hutazami ndani. Yeye alikuwa akitazama viatu vyako. 'Angalia, kisigino cha kaka kimekwenda tena. Na atakwenda kwa fundi mwingine amharibie.'" Akakibana kiatu kati ya magoti, akang'oa kisigino kwa koleo. Kililia kama jino.

"We mtoto! Nitarudi nyumbani na nini?"

"Na kiatu kizima." Akasimama, akakisukuma kigoda kwa mguu mpaka kikamfikia. "Kaa. Huwezi kusimama mguu mmoja kama korongo."

Kaka Mkubwa alikitazama kigoda. Lazima nieleze hapa kilikuwa kigoda gani. Walipokuwa vijana, yeye na Nta walifanya kazi pamoja chini ya baba yao, kisha yeye akaacha ngozi akaenda kwenye mbao. Siku ya mazishi ya baba yao alirudi karakana, akataka kukaa na wengine. Nta, kwa uchungu au kwa kiburi, akamwambia mbele ya watu, "Aliyeuacha msharasi hana kiti humu." Akatoka. Tangu siku ile Kaka Mkubwa hakuwahi kukaa ndani ya chumba kile. Hata siku ya msiba wa Nta mwenyewe alisimama nje barabarani. Ndugu wakigombana, wahenga wanasema, chukua jembe ukalime. Sote tulikwenda kulima, tukasahau kurudi.

"Hicho ni kiti cha baba yako," alisema.

"Najua. Ndicho ninachokupa."

Alikaa polepole, kama mtu anayejaribu maji. Uzi alipigilia kisigino kipya, akapaka nta uzi wake, akaanza kushona akiwa amesimama, na kwa muda mrefu kilichosikika ni ule mlio wa uzi ukipita kwenye ngozi. Kaka Mkubwa alitazama mikono yake. Kisha macho yakapanda rafu, yakafika kwenye msumari.

"Bado mnacho kile?"

"Kipo," mjane alisema. "Kitakwenda wapi?"

"Uzi, unajua habari yake?"

"Najua ya upande wa baba. Wako siujui."

Akasugua goti lake. "Tulikuwa wadogo. Mzee alitupa ngozi nzuri, akasema, 'Kateni jozi moja. Kila mtu kiatu kimoja.' Ilikuwa mara ya kwanza kutuamini. Sasa unajua kalibu, kile kibao chenye umbo la mguu. Zilikuwa mbili pale mezani, ya kushoto na ya kulia. Baba yako akachukua ya kushoto. Mimi nikasubiri amalize, nikachukua ileile. Sikumwuliza, hakuniambia. Tulikuwa tumenuniana kwa ajili ya nani atumie nyundo mpya. Tukapeleka kazi yetu kwa Mzee. Viatu viwili vya kushoto!"

Akacheka, na mjane akacheka naye, ingawa nina hakika alikuwa ameisikia habari hiyo mara nyingi kuliko hesabu.

"Mzee hakutupiga. Hilo ndilo lililotutisha. Alitupa kila mtu kiatu chake akasema, 'Hivi havifai kuvaliwa, lakini havitupwi. Kila mmoja atunze chake. Siku mmoja wenu akikwama, ampelekee mwenzake kiatu, na mwenzake aje. Hakuna kuulizana nani alikosa, maana hapa mmekosa wote wawili.' Akatuapisha, mikono yetu juu ya kalibu."

Nilikuwa nimezijua zile sheria za kale tangu ujana, jinsi wale watu walivyofanya agano kwa rundo la mawe, au kwa kupita katikati ya vipande vya mnyama aliyepasuliwa, ili macho yawe na kitu cha kukumbuka. Na miaka yote hiyo nilikuwa nikiingia karakana ile, nikiweka kofia yangu kwenye rafu, chini ya agano lenyewe. Nilitaka kulisema hilo. Safari hii nilijizuia.

"Mbona hakunitumia?" Kaka Mkubwa aliuliza. Hakumtazama mtu. "Alipougua. Ningekuja. Mbona hakutuma kiatu?"

Mjane alijifuta mikono kwenye khanga ingawa haikuwa na maji. "Alikishusha, shemeji. Si mara moja. Anakishusha, anakipangusa, anamwita Uzi ampe akupelekee. Kisha anasema, 'Akikikataa je?' Anakirudisha. 'Kikiwa hapa ukutani,' anasema, 'bado hajakataa.'"

Kaka Mkubwa aliinamisha kichwa akakaa hivyo mpaka Uzi alipomwekea kiatu mguuni, akafunga kamba mwenyewe kama anavyofungwa mtoto. Alisimama, akatembea mpaka mlangoni, akarudi.

"Kimekaa," alisema.

"Sasa tembea pole. Mvua haipo."

"Changu," alisema, "kile cha Mzee... sijui kilipo." Akatoka, akaisahau futi yake juu ya meza.

Mjane alinigeukia. "Kamusi, amekubali au amekataa?"

Nilitafuta katika yote niliyosoma. "Sijui, shemeji."

Nilichukua kitambaa nifute misalaba ya penseli, lakini Uzi akanizuia. "Iache, Baba Mdogo. Aliyeichora aje aifute."

Jumapili ilipita bila ujumbe. Jumatatu asubuhi nilikuwa njiani kwenda kuwajulia hali nilipoona gari la kubebea mbao limesimama mbele ya karakana, na vibarua wawili wakishusha mbao pana zilizopigwa randa. Mmoja alikuwa na nyundo kubwa kiunoni. Nilikimbia, nami si mtu wa kukimbia. Mjane alikuwa amesimama mlangoni, mikono ameitanua huku na huku, na Kaka Mkubwa mbele yake akiwa amebeba ubao begani.

"Shemeji, nipishe."

"Utanivunja mimi kwanza."

"Ubao ni mzito, shemeji, na bega ni la mzee. Nipishe, halafu unitukane ukiwa umekaa."

Uzi alitoka nyuma ya mama yake, akamtazama baba yake mkubwa miguuni, kisha usoni. "Mpishe, Mama," alisema.

Aliuweka ubao chini. Kisha alikwenda moja kwa moja ukutani, akalamba kidole gumba, akafuta msalaba wa juu. Akainama kwa shida, akafuta wa chini. Ndipo akatia mkono ndani ya koti akatoa kitu kilichofungwa kwenye gunia. Kilikuwa kiatu kidogo cha kushoto, ngozi imekauka, na ncha yake imetafunwa na panya.

"Nilisema sijui kilipo," alisema. "Nilijua. Kilikuwa kwenye sanduku la vifaa, chini ya randa. Kila siku nikichukua randa nakiona." Akamkabidhi Uzi kwa mikono miwili. "Nta hakutuma chake. Basi mimi naleta changu. Nimekwama, mwanangu. Sijui jinsi ya kumwomba radhi mtu aliyekufa."

Uzi alikipokea. Alikigeuza taratibu mikononi, na vibarua waliokuwa wakiingiza mbao wakaanza kutazama dari.

"Nimekuja na kauli yangu ya kwanza," Kaka Mkubwa aliendelea, akikohoa. "Kamusi, sikiliza vizuri usije ukasema sikusema. Sivui kiatu. Nakichukua chumba, na nakichukua na mzigo wake. Na nikishakichukua, kitakuwa cha Uzi. Uolewe, usiolewe, uzae, usizae, hakuna mtu wa ukoo huu atakayekuja na futi. Mbao hizi ni za meza mpya, maana hii yenu inayumba kama mlevi. Na ubao huu ni wa juu ya mlango. Jina la Nta limefutwa na jua. Litaandikwa upya."

"Na mbao zako ndefu?" mjane aliuliza. Alikuwa bado mlangoni, lakini mikono ilikuwa imeshuka.

"Zitapinda kona. Zimepinda miaka yote, hazijafa."

Nilijisafisha koo. Maneno ya wazee wa langoni yalinijia yote, pamoja na baraka zake, na nilikuwa nimekwisha kuvua kofia.

"Kwa kifupi, Kamusi," Kaka Mkubwa alisema.

"Nimeshuhudia," nilisema.

"Kumbe unaweza!"

Walinipa brashi na rangi nyeusi, kwa kuwa nimeishi na herufi. Niliupima ubao, nikachora mistari, nikaanza.

"Angalia usiandike kinyume, kama mnavyopanga herufi kule kiwandani," Kaka Mkubwa alisema, akiwa amekaa kwenye kigoda, akinisimamia kana kwamba ndiye aliyenifundisha. Niliandika NTA, FUNDI VIATU, herufi zilizosimama sawasawa. Uzi akaniomba nibakize nafasi ya neno moja fupi chini yake. Sikumwuliza ya nini.

Mchana, meza mpya ilipokwisha kupigiliwa, Uzi alitundika viatu vyote viwili kwenye msumari mmoja. Vilielekea upande uleule, kama watu wawili wanaotazama dirisha moja.

"Bado havimfai mtu," mama yake alisema.

Uzi alivuta droo ya chini kabisa, akapekua, akatoa kalibu ndogo iliyojaa vumbi, ya mguu wa kulia. Akaipuliza.

"Ngozi ninayo ya kiatu kimoja tu," alisema. "Nianze na pacha wa nani?"

"Wa baba yako," Kaka Mkubwa alijibu. "Mimi nitasubiri zamu yangu." Akanyanyuka, akamrudishia kigoda, akavuta kwa ajili yake mwenyewe kipande cha ubao kilichobaki, akakaa karibu na dirisha ili amwone akikata.